Kito kinyonga: cha ardhini au cha maabara?

Umeme ulikatika tukiwa na wateja mezani. Mmoja alikuwa dada muuguzi, mwingine mchumba wake, wametoka Babati kuja Arusha kuchagua pete ya uchumba. Mbele yao, juu ya karatasi nyeupe, palikuwa na mawe mawili madogo ya kijani. Mjomba wangu, ambaye ndiye fundi sonara mwenyewe, hakuhangaika na jenereta. Aliwasha mshumaa, akausogeza karibu na karatasi, akanyamaza. Mawe yakageuka. Moja likawa na wekundu wa juisi ya rosela iliyozidishiwa maji, la pili likaiva kama zambarau.

"Fundi, umeyabadilisha?" yule dada akauliza.

"Sijagusa kitu, mwanangu. Ni mwanga tu."

Lile lililoiva, kubwa kuliko mwenzake na lisilo na doa, lilikuwa limekuzwa maabara. Lile dogo, lenye utando mwembamba upande mmoja, lilitoka ardhini, kusini mwa nchi, na bei yake ilizidi ya lile kubwa zaidi ya mara kumi. Wachumba wakatazamana. Yule kaka akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa ameshapiga hesabu kichwani na sasa hesabu imevurugika.

Nimeshaona wengi wakikwama kwenye kiti kile kile, na maswali yao yanafanana. Haya hapa ndiyo ninayowaambia.

Tunazungumzia mawe gani

Tuondoe kwanza yasiyohusika. Zile pete za bei ya soda zinazobadilika rangi eti kulingana na hisia zako, zinabadilishwa na joto la kidole; ndani yake hamna kito. Tanzanaiti nayo, ingawa wauzaji wengi wa hapa mjini hupenda kusema "inabadilika", kinachoonekana zaidi ni rangi tofauti kila unapoigeuza: upande huu buluu, upande ule zambarau. Ukiishika bila kuitikisa ukabadilisha taa, itaelekea zambarau kidogo, basi. Kito kinyonga (jina nimelitunga mwenyewe, msilitafute vitabuni) kinakaa palepale kidoleni na rangi inageuka kwa sababu taa imebadilika.

Mkubwa wao ni aleksandraiti. Ilitambuliwa kwenye migodi ya zumaridi ya milima ya Ural, Urusi, miaka ya 1830, ikapewa jina la mrithi wa kiti cha enzi ambaye baadaye alikuja kuwa Tsar Alexander II. Ndani yake mna chembe za kromiamu, na kromiamu hiyo humeza mwanga wa njano, ikaacha milango miwili wazi: mmoja wa kijani, mmoja wa nyekundu. Mwanga wa mchana umejaa buluu na kijani, kwa hiyo mlango wa kijani unashinda. Mshumaa, koroboi na zile glopu za zamani za waya hutoa mwanga uliojaa wekundu, na mlango wa pili unatawala. Jiwe ni lile lile.

Sasa, mtu akikuuliza "unataka la asili au la maabara?" utadhani una mambo mawili ya kuchagua. Mezani huwa kuna manne.

Kuna aleksandraiti ya asili. Mbali na Urusi, inachimbwa Sri Lanka, India, Brazil (machimbo ya Hematita yaliibuka mwaka 1987 na kutikisa soko) na hapa kwetu, karibu na Ziwa Manyara na katika changarawe za Tunduru. Kuna safaya na ganeti za asili zinazogeuka rangi. Hizi si aleksandraiti na haziigizi chochote, ni mawe yenye hadhi yake, na bonde la mto Umba kule Tanga, mpakani na Kenya, linajulikana duniani kwa ajili yake. Kuna aleksandraiti ya maabara, yenye kemia ile ile na ugumu ule ule wa ile ya ardhini. Imekuwa sokoni tangu 1973, ilipoanza kuuzwa kutoka California. Halafu kuna viigizo vilivyovaa jina la aleksandraiti: mara nyingi ni safaya ya kutengenezwa iliyotiwa vanadiamu, iliyotokana na njia ya kuyeyusha unga kwa moto ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902.

La tatu na la nne yote yametoka kwenye tanuru, na wauzaji wengi huyaita "ya maabara" kwa pamoja. Tofauti yake ni kubwa, na ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea.

Unapima nini

Mimi hupima mambo matano. Jiwe linageuka kiasi gani, chini ya taa unazoishi nazo wewe. Litastahimili kazi za mkono wako? Linagharimu kiasi gani leo, na kesho ukitaka kuliuza itakuwaje. Utajuaje kwamba ulichouziwa ndicho ulichoambiwa. La mwisho ni kilikotoka, ambalo kwa wengine halina uzito na kwa wengine ndilo kila kitu.

Mgeuko wenyewe

Hapa ndipo watu wanapokosea kuliko kote. Wanadhani jiwe la asili litageuka vizuri zaidi kwa kuwa ni la asili.

Aleksandraiti ya asili iliyo bora hutoka kijani chenye buluu hadi wekundu wa zambarau, na ukiiona mara moja huisahau. Lakini nyingi zinazopita mezani kwetu hazifiki huko. Mchana zina kijani kilichochanganyika na kahawia, kama majani ya migomba yaliyoanza kukauka. Usiku zinakuwa kahawia yenye wekundu. Zinageuka, ndiyo, ila inabidi uambiwe "ona, inageuka." Wafanyabiashara hupenda kuutaja mgeuko kwa asilimia. Asilimia hizo ni makadirio ya jicho la mtu anayetaka kuuza, kwa hiyo lipia unachokiona.

Ya maabara haina bahati nasibu hiyo. Anayeikuza anapima kromiamu yake, hana chuma kingi cha kuchafua rangi, na mgeuko unatoka mkali na wa kutabirika. Kasoro yake, kama ni kasoro, ni kufanana. Nikiona kumi zimepangwa kwenye trei moja nakumbuka vifungo vya shati. Ila anayevaa moja kidoleni hana haja ya kuwaza tisa nyingine.

Ganeti ndiyo inayonishangaza kila mara. Za Umba na za Bekily kule Madagaska zinaweza kugeuka kwa nguvu ambayo aleksandraiti nyingi za bei mara tatu yake hazina: kutoka kijani cha bahari, buluu ya kijivu au kahawia, hadi waridi au zambarau. Hakuna mbili zinazofanana. Safaya ni mpole zaidi. Kwa kawaida ni buluu mchana na zambarau usiku. Anayetaka kijani na nyekundu hasa, safaya haitamtosheleza.

Kiigizo cha safaya kina alama yake. Mchana ni buluu ya kijivu, usiku ni zambarau ya waridi inayofanana na amethisto. Kijani hakipo. Ukiambiwa "aleksandraiti", ukatoka nalo mlangoni saa sita mchana usione kijani chochote, muulize muuzaji tena, taratibu.

Halafu kuna habari ya taa, ambayo wauzaji hawaisemi. Sifa za jiwe hili zilienea zama za mishumaa na baadaye glopu za waya. Nyumba nyingi siku hizi zina LED, na LED nyeupe ina buluu nyingi. Chini yake aleksandraiti hubaki kijani, au hukaa katikati kwenye rangi isiyoeleweka. Tochi ya simu ni hivyo hivyo. LED ya njano inasaidia, lakini haiufikii mshumaa. Nimewahi kumrudishia mteja imani yake kwa mshumaa wa shilingi mia tano: alikuwa amekuja na hasira kwamba jiwe "limekufa", kumbe alibadilisha taa za sebuleni.

Kwa hiyo kabla ya kununua, litazame jiwe mahali pa namna tatu: mlangoni mchana kwenye kivuli, chini ya mshumaa au glopu ya njano, na chini ya taa ya aina uliyo nayo nyumbani. Duka likikukataza kusogea nalo mlangoni, hilo nalo ni jibu. Picha za mtandaoni usizitegemee kabisa. Rangi ya jua la jioni inaweza kupakwa kwa kidole kimoja kwenye simu.

Uimara

Hapa ni pafupi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, safaya ni 9, aleksandraiti ni 8.5, ganeti ni kati ya 7 na 7.5. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, ndiyo maana jiwe laini kuliko hapo hupoteza mng'ao kwa kufutwafutwa tu. La maabara na la ardhini la aina moja yana ugumu sawa. Kwa mantiki hiyo hata kiigizo, kwa kuwa ni safaya, ni kigumu kuliko aleksandraiti halisi. Cha rahisi kimemshinda cha ghali, na hakuna wa kubishana nacho.

Ganeti inahitaji adabu kidogo. Haipendi joto la ghafla, kwa hiyo pete ikipelekwa kupanuliwa, mwambie fundi aling'oe jiwe kabla ya kuwasha moto. Kwenye hereni na mkufu haina shida yoyote. Kwenye pete ya kila siku ya mtu anayefua, anayepika na kuendesha bodaboda, ningeizungushia ukuta wa dhahabu badala ya kuishikisha kwa kucha, vile vijino vya dhahabu vinavyokamata jiwe.

Kwa yule dada muuguzi tulilizungumza hili kirefu kuliko bei. Glavu anavaa na kuvua mara nyingi kwa siku, na kucha za pete hukwama na kuchana glavu. Jiwe lolote kati ya haya lingemfaa. Pete ndiyo iliyopaswa kubadilika.

Bei, na kesho yake

Aleksandraiti ya asili yenye mgeuko mzuri hupita dola elfu moja kwa karati bila shida, na ile safi, kali, iliyozidi karati moja inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola kwa karati. Karati ni gramu 0.2, yaani kipande kisichojaa kwenye kucha ya kidole kidogo. Bei haipandi kwa mstari ulionyooka: jiwe la karati mbili si mawili ya karati moja, maana makubwa yaliyo safi ni machache mno. Zilizo hafifu, zenye kahawia na utando, zinapatikana kwa bei ya kibinadamu, na hapo inabidi ujiulize kama unanunua jiwe au jina.

Ganeti na safaya zinazogeuka ziko chini ya hapo kwa mbali, ingawa safaya safi ya asili isiyochomwa moto huanza nayo kujivuna. Swali la kuchomwa ulize hasa kwa safaya, kwa sababu nyingi huchomwa ili kuboresha rangi, na ni halali mradi usemwe ukweli. Aleksandraiti na ganeti kwa kawaida hazichomwi.

Aleksandraiti ya maabara ina bei mbili kwa sababu ina njia mbili. Inayokua taratibu ndani ya chumvi zilizoyeyuka huchukua miezi, na huuzwa kwa mamia ya dola kwa karati. Inayovutwa kutoka kwenye myeyuko hutoka haraka na ni rahisi zaidi. Kiigizo kinagharimu dola chache kwa karati. Kwenye pete yake kilicho ghali ni dhahabu.

Kuhusu kesho, nitasema bila kupaka mafuta. La maabara usinunue ukitegemea kuliuza. Tanuru linaweza kuzaa jingine kesho, na mnunuzi anajua. La asili lina soko, lakini soko hilo si lako wewe mwenye pete moja. Ukinunua kwa bei ya duka na kurudi kuuza kwa mfanyabiashara, atakupa bei ya mfanyabiashara, na pengo lile linauma. Anayefaidika kwa kuweka mawe ni yule anayejua kuyanunua machimboni au mnadani. Mteja wa pete ya uchumba anayeambiwa "hii ni akiba" anauziwa maneno juu ya jiwe.

Uhakika

Mshumaa unakuonyesha kwamba jiwe linageuka. Haukuambii limetoka wapi. Tena kwa kuwa la maabara ndilo hugeuka vizuri, mtu anayejaribu kwa mshumaa peke yake atalisifia la tanuruni na kulitilia shaka la ardhini. Nimeshaona hivyo, na aliyekosea alikuwa mtu wa mawe wa miaka mingi.

Kuna dalili tatu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitazama, ilimradi akumbuke kwamba ni dalili tu.

Ya kwanza ni shaka ya kawaida: jiwe kubwa, safi, kali, na bei ndogo. Vitu hivyo vinne haviishi nyumba moja kwenye aleksandraiti ya asili.

Ya pili ni ile taa ya zambarau wanayokagulia noti madukani. Aleksandraiti ya maabara kwa kawaida haina chuma, na bila chuma hung'aa nyekundu kama kaa la moto chini ya taa hiyo. Ya ardhini mara nyingi ina chuma na hung'aa hafifu au isionekane kung'aa. Lakini ziko za asili zenye chuma kidogo zinazong'aa pia, kwa hiyo usimkamate mtu shati kwa sababu ya taa ya noti.

Ya tatu inataka lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ndani ya jiwe la ardhini utaona vitu vya ardhini: vijifuwele, sindano nyembamba, matone ya kimiminika yaliyojipanga kama alama ya kidole. Kwenye lililotoka kwenye moto wa Verneuil utaona mistari iliyopinda, kama mifereji ya sahani ya santuri, na vipovu vya hewa. Maumbile hayapindi mistari yake hivyo ndani ya safaya. Hukua kwa pande zilizonyooka. Lililokuzwa kwenye chumvi ndilo gumu: mabaki ya chumvi hufanana sana na ule utando wa asili, na hata mjomba hulirudisha mara mbili tatu kwenye mwanga kabla ya kusema neno.

Kwa sababu hiyo, kwa aleksandraiti ya asili yenye bei ya kueleweka, cheti cha maabara ya vito inayojitegemea ni sehemu ya bei. GIA ya Marekani, SSEF na Gübelin za Uswisi ndizo majina yanayoheshimiwa kila soko. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, na kumpelekea jiwe mtu aliyesomea utambuzi kabla ya kulipa ni gharama ndogo ukilinganisha na unachokitoa. Cheti kinachoandikwa na duka lenyewe linalokuuzia ni karatasi nzuri ya kufungia kadi.

Kwa ganeti shida hii ni ndogo mno, na ndiyo moja ya sababu naipenda. Ganeti za kutengenezwa hazina soko la maana kwenye pete za namna hii, kwa hiyo ukishajua ni ganeti, umeshajua karibu kila kitu. Safaya inataka uangalifu kama aleksandraiti, maana ya kutengenezwa ipo tele.

Kwa aleksandraiti ya maabara, uhakika unaoutaka ni mmoja: ni krisoberili kweli (ndiyo madini yenyewe ya aleksandraiti), au ni safaya iliyopewa jina la kupanga? Chombo cha kupimia mpindo wa mwanga kinalijibu hilo kwa dakika moja. Krisoberili husoma karibu na 1.75, safaya karibu na 1.76 na 1.77. Duka linalouza la maabara kwa uaminifu halitaona shida kuandika neno "aleksandraiti iliyokuzwa maabara" kwenye risiti. Likiandika "aleksandraiti" tupu, omba waongeze maneno.

Kilikotoka

Mtu mmoja aliniambia anataka la maabara kwa sababu "halina damu". Mwingine akaniambia anataka la Tunduru kwa sababu babu yake alikwenda kule katikati ya miaka ya 1990, wakati watu walipomiminika mtoni na machujio, na akarudi mikono mitupu. Wote wawili nawaelewa.

Uchimbaji mdogo ni kazi ya hatari na ya kubahatisha. Mashimo huporomoka, mito huvurugwa, na anayelitoa jiwe si yeye anayepata sehemu kubwa ya bei yake. Wakati huo huo ndiyo kazi inayosomesha watoto katika vijiji ambavyo hakuna kiwanda kinachokuja. Tangu 2019 Tanzania ina masoko rasmi ya madini, na jiwe lililopita humo lina stakabadhi unayoweza kuishika. Anayejali kilikotoka aombe stakabadhi hiyo, maana maneno "la Tunduru" yanasemwa bure. Mgeni anayetaka kuondoka nalo nchini ndiyo kabisa, asiende uwanja wa ndege bila risiti na kibali.

La maabara halina shimo wala mto. Lina tanuru linalokula umeme kwa muda mrefu, na halina kijiji. Kwa wengine hilo la mwisho ni nafuu, kwa wengine ni upungufu.

Kulingana na hali yako

Kama kinachokupeleka dukani ni mgeuko wenyewe, kile kijani kinachokuwa nyekundu mbele ya macho yako, na mfuko una mwisho, aleksandraiti ya maabara itakupa furaha hiyo bila deni. Nunua iliyo krisoberili, risiti iseme hivyo, na mwambie mchumba wako ukweli siku ile ile. Siri ya jiwe hukaa vibaya ndani ya ndoa. Hutoka siku pete inapopelekwa kwa fundi mwingine.

Kama unataka kitu cha ardhini lakini bei ya aleksandraiti inakukatisha tamaa, usikimbilie ile hafifu ya kahawia kwa ajili ya jina. Tazama ganeti ya Umba kwanza. Kwa pete ya kila siku yenye kazi nzito, tazama safaya.

Kama unataka aleksandraiti ya asili na unao uwezo, chukua ndogo yenye mgeuko mkali kuliko kubwa iliyolala. Chini ya karati moja ndiko kuna chaguo. Cheti kije kabla ya pesa, na ukishalipa usiendelee kuuliza bei mtaani, utajiumiza bure.

Kama ni zawadi kwa binti wa miaka kumi na minane, au ni hereni za kuvaa sherehe mbili kwa mwaka, kiigizo cha safaya hakina dhambi, mradi kiuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Hakikwaruziki kirahisi, na akikipoteza atalia siku moja tu.

Kama nyumba yako na ofisi yako zote zina taa nyeupe na huna mpango wa kubadilisha, fikiria tena kama unahitaji kito kinyonga. Zumaridi ni kijani saa zote, na haihitaji mshumaa.

Na kama tayari unayo pete uliyorithi, usiikimbize kwa wapimaji kabla hujajua utafanya nini na jibu. Shangazi yangu alivaa kwa zaidi ya miaka thelathini pete yenye "aleksandraiti" kubwa kama punje ya korosho, aliyonunuliwa Cairo na marehemu mumewe katika duka la watalii. Mjomba aliitambua siku ya kwanza kwa ile buluu ya kijivu, akanyamaza miaka yote hiyo. Mwaka juzi shangazi mwenyewe akamuuliza, na mjomba akamwambia: ni ya kutengenezwa, dada, mistari yake imepinda. Shangazi akaivua, akaiangalia dirishani, akampa. "Haya. Basi nikazie hiyo kucha moja, inashika kwenye kanga."